Birika Lililoitwa Bata

Jumapili, tarehe 2

Mvua imeanza. Kazi imelala. Tofali bichi halikauki kwenye mvua, na mfyatua matofali bila jua ni kama kinyozi kwenye mji wa vipara.

Nimeanza kuandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kubishana naye. Mke wangu alikuwa anajua kubisha. Amefariki, huu mwaka wa pili. Basi nabishana na daftari. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye udongo. Wa kucheka acheke.

Leo amekuja mdogo wangu wa kike. Mtaani wanamwita Redio. Yeye ndiye anayekaa na Mama. Hata kiti hajakivuta ameanza kutangaza.

"Kaka, kaka mkubwa amepiga simu. Anakuja kumchukua Mama akakae kwake moja kwa moja."

"Kwake kule?"

"Kule kule. Anasema barabara ikikauka tu, anafika na gari."

Kule ni mbali. Kule si mahali pa kwenda kusalimia na kurudi. Ukienda umeenda.

"Na mimi?"

"Wewe unajua Mama alichosema."

Najua. Alinialika chai. Kufika, namkuta mwanamke amekaa kwenye kiti changu, yule mjane mwenye cherehani pale njia panda. Mama akanimiminia chai kutoka kwenye birika lake, lile lenye mdomo uliochomelewa, halafu akasema mbele ya mgeni: "Huyu ni mtu mzuri. Na wewe unazeeka na kandambili za marehemu chini ya kitanda. Zitupe, uoe."

Nikainuka. Chai sikuigusa.

Mama akasema: "Ukitoka hivyo, mguu wako usikanyage hapa mpaka uje na mke."

Nikasema sawa. Neno dogo hilo, lakini limekaa miezi.

Mimi sioi kwa kuagizwa, kama naagizwa chumvi dukani. Nimemwambia Redio hivyo. Naye akaniambia kaka mkubwa amemtumia Mama kadi ya dukani, ina maua ya dhahabu, ukiifungua inaimba. Mama ameiweka juu ya kabati.

"Inaimba?"

"Mpaka uifunge."

"Mwambie na mimi namletea kadi. Ya kwangu inanyamaza."

Nimesema kwa hasira. Sasa nimesema, nitaitengeneza.

Jumatatu, tarehe 3

Mvua.

Jumanne, tarehe 4

Nimekaa kibandani kwa fundi viatu mchana kutwa. Amenipa kipande cha soli ya raba na boksi la viatu, ndani jeupe, nikatie kadi. Nataka kuchonga muhuri wa birika la Mama. Kuchora kwa mkono siwezi, lakini kukata naweza. Wino nimeutengeneza mwenyewe: unga wa tofali lililoiva, gundi ya Fundi, maji kidogo. Mwekundu mzuri.

Nimekata kwa wembe, nimejikata vidole viwili. Fundi ameuangalia.

"Bata mzuri huyo."

"Ni birika."

"Sawa, lakini bata mzuri."

Ijumaa, tarehe 7

Nimeharibu kadi tano.

Kosa ni langu na la kazi yangu. Sisi kabla ya kutia udongo kwenye kalibu ya mbao tunanyunyiza majivu, tofali litoke bila kung'ang'ania. Basi na mimi nimenyunyiza majivu kwenye muhuri. Mkono umefanya wenyewe, sikuuliza. Wino haukushika, karatasi imekuwa na doa la kijivu kama jasho la kwapa.

Nikafuta majivu, nikapaka wino upya, nikaugonga muhuri kama ninavyougonga udongo kwenye kalibu. Meza ya Fundi imeruka, misumari imetawanyika mpaka barabarani.

"Unapiga muhuri au unapiga mwizi?"

Nikaokota misumari. Fundi hakunifukuza. Mvua ilikuwa kubwa.

Jumamosi, tarehe 8

Kadi moja imetoka. Inafanana na birika ukiambiwa kwanza kwamba ni birika. Nimeandika chini: MAMA. NI MIMI.

Haikauki. Nikaipeleka kule kiwandani kwetu bondeni, tanuri la mwisho bado lina moto wa ndani, nikaiweka juu kama tofali. Nimegeuka kuwasha sigara, nimerudi, pembe moja imeungua.

Naipeleka hivyo hivyo. Mama mwenyewe mkate wake huwa unaungua pembe, na tulikula.

Jumapili, tarehe 9

Redio ameibeba. Amecheka mpaka ameshika ukuta. "Kaka, umemchorea Mama bata anaungua!"

Jumatano, tarehe 12

Imerudi.

Redio amesimama mlangoni, matope mpaka magotini, ameitoa kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwambia aseme maneno ya Mama kama yalivyo, asiongeze viungo.

"Amesema, mwambie mimi nilizaa mtu, sikuzaa karatasi."

"Basi?"

"Na bata wake arudi kwenye maji, maji ni mengi."

Nimemwambia asante, nenda. Hata chai sikumpa. Redio huyu anafurahia. Watu wakigombana yeye ndiye anapata kazi.

Alhamisi, tarehe 13

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda, upande ule ambao halali mtu.

Jumapili, tarehe 16

Nimetuma ya pili. Safari hii nimeukata mdomo wa birika mrefu zaidi na nimeweka alama pale ulipochomelewa. Mtu yeyote mwenye macho ataona ni birika. Nimeandika: MAMA. SIOI. NI MIMI BADO.

Fundi amesema mtu hamwandikii mama yake hivyo. Nimemuuliza mama yake yeye anamwandikiaje. Amesema alikufa hajamwandikia chochote. Akaendelea kushona kiatu.

Jumatatu, tarehe 17

Imerudi siku ile ile, jana jioni. Redio ametembea na mvua kwenda na kurudi.

"Amesema, muulize, zile kandambili bado ziko chini ya kitanda?"

"Mwambie ziko."

"Kaka, mbona usiseme tu kwamba umezitupa? Nani atakuja kuchungulia?"

"Mimi nitachungulia."

Ameketi akakamua sketi yake. Nikaona miguu yake imepasuka kwa maji. Nikampa chai. Hajatangaza habari ya mtu yeyote mpaka amemaliza kikombe. Sikuwa najua kwamba anaweza.

"Mama anakohoa usiku," akasema. "Na akikohoa anaangalia mlango."

Alhamisi, tarehe 20

Leo imenipata.

Niko kwa Fundi, nachonga. Mvua ikapiga kwa kishindo, watu wakakimbilia chini ya bati letu. Mmoja wao mjane wa cherehani. Ana kitambaa kichwani, ana kifurushi kifuani amekikumbatia kama mtoto. Fundi, mshenzi huyu, akajifanya anatafuta uzi chini ya meza ili asitazame.

Nikasema moyoni, haya, Mama amemtuma. Nikamwambia kabla hajafungua mdomo:

"Mimi sioi."

Amenitazama kama ninavyotazama tofali lililopinda.

"Kwani nani amekuomba?"

"Siku ile kwa Mama..."

"Siku ile kwa mama yako niliitwa nikapime gauni. Nikawekwa kwenye kiti, nikapewa chai, nikasikia naozwa. Baba, mimi nilimfulia mume mmoja miaka kumi na mitano, nikamzika. Nikulee na wewe? Na kucha hizo?"

Chini ya meza Fundi amepiga kichwa kwa kucheka.

"Na ulipoinuka ukaondoka," akasema, "nilitaka kuinuka na mimi. Umeniwahi. Nikabaki mimi kumaliza chai ya watu wawili kwa aibu."

Mimi nilimchukia mwanamke huyu miezi yote hii. Nilikuwa nazunguka nyuma ya soko ili nisipite njia panda. Nimezunguka bure. Viatu vyangu vimeisha bure.

Mvua haikukoma, akaketi. Akaona muhuri.

"Bata wa nini?"

"Birika."

Hakucheka. Akauliza napigaje. Nikamwonyesha, meza ikaruka.

"Acha! Unampiga nani?" Akafungua kifurushi, akatoa mabaki ya kitambaa cha pamba, akakikunja mara nne. "Weka kitambaa chini ya karatasi. Wino usichovye, upake kwa kitambaa kingine. Halafu laza muhuri, kandamiza kwa kiganja, inua. Kama unapiga pasi kwenye kola. Usivute, usigonge."

Nimelaza. Nimekandamiza. Nimeinua.

Birika. Mdomo, mkono, kifuniko. Hata Fundi ametoka chini ya meza.

"Eh," akasema Fundi. "Bata ameenda shule."

Jumapili, tarehe 23

Jua. Jua kali toka asubuhi. Mtaa mzima umeanika nguo, wenzangu wa matofali wanaimba kule bondeni, msimamizi amepita kila mlango: kesho kazini, kesho kazini. Mimi peke yangu nimelitukana jua. Barabara inakauka.

Jumatatu, tarehe 24

Nimefyatua kutwa. Nimefanya kazi kama nalipiza kisasi. Wenzangu wameniuliza nani amekufa.

Jumanne, tarehe 25

Mawingu yamerudi saa sita. Saa nane imenyesha, matofali yote ya jana yamekuwa uji. Msimamizi ameshika kichwa. Mimi nimecheka. Amesema nina wazimu. Nimemwambia ndiyo.

Jumamosi, tarehe 29

Redio amekuja bila kuitwa. Kaka mkubwa amesema haingoji tena barabara, anakuja Jumapili ya wiki ijayo, hata kwa kusukuma gari. Mizigo ya Mama imeanza kufungwa.

"Nenda tu, kaka. Nenda hivyo hivyo ulivyo."

"Akinifukuza mlangoni?"

"Atakufukuza."

"Basi akinifukuza aende akiwa amenifukuza? Hilo ndilo liwe la mwisho?"

Nilimwambia ataipeleka kadi kwanza. Kadi ikipokewa, mguu utafuata.

Alipoondoka nikachukua muhuri. Raba ya Fundi ilikuwa ya soli kuukuu, imekaa na gundi na unyevu wiki zote hizi. Nikaukandamiza, mkono wa birika ukabaki kwenye karatasi, muhuri ukabaki bila mkono. Nikajaribu kuubandika, na mdomo nao ukatoka. Fundi amefunga, ameenda mazishini. Niko peke yangu na wembe, na mvua juu ya bati inanicheka.

Raba nyingine nyumbani humu ni moja tu.

Nikainama chini ya kitanda, nikazitoa. Za bluu. Kisigino cha kulia kimelika upande mmoja, alikuwa anatembea kama anaegemea upepo. Chini zina vijistari vidogo vidogo vya mshazari, katikati bado viko, pembeni vimefutika. Nimezishika muda. Sikuwa nimezishika toka afariki. Kuziangalia naziangalia kila asubuhi.

Mama alisema nizitupe. Sikuzitupa. Lakini sikuwahi kusema nitaziweka zikae tu, kama vyombo vya wageni. Mke wangu mwenyewe hakuwa mtu wa kuweka vitu. Sufuria ikitoboka anapandia kitunguu. Angeniona nimekaa na njaa ya raba na raba iko chini ya kitanda, angenipiga nayo.

Nimeikata ya kulia. Nimekata pale katikati, penye vijistari. Wembe uliteleza kwenye kifuniko, kifuniko kimepinda, na kiwe kimepinda. Wala sikulia. Nimemtukana kidogo kwa kufa. Nimemaliza, nimeosha muhuri, nimepaka wino, nimelaza, nimekandamiza, nimeinua.

Birika limetoka na vile vijistari ndani ya tumbo lake. Kama mvua inanyesha ndani ya birika.

Sikuandika chochote chini yake.

Jumapili, tarehe 30

Redio ameichukua. Amevua kanga yake ya juu akaifunga nayo kadi, yeye akaondoka analowa.

Nilikuwa nasema anafurahia ugomvi. Nilikosea. Futa pale juu. Sifuti, nimeshaandika, lakini nilikosea.

Jumatatu, tarehe 31

Haijarudi.

Jumanne, tarehe 1

Haijarudi. Mvua imepungua.

Jumatano, tarehe 2

Manyunyu. Fundi ameniuliza mara tatu. Mjane wa cherehani amepita, hakuuliza, ametazama uso wangu akaendelea na safari.

Ijumaa, tarehe 4

Imerudi.

Imefungwa kwenye kanga ile ile. Redio amenipa mkononi. "Amesema nikurudishie."

"Amesema nini kingine?"

"Redio leo haina betri. Ameniapisha."

Ameondoka haraka. Mimi sikuifungua. Nimeitupa chini ya kitanda, hapo hapo zilipokuwa kandambili. Sawa, Mama. Umeshinda. Nenda. Nimekata mguu wa mke wangu kwa ajili yako, na wewe unanirudishia. Nenda ukasikilize kadi inayoimba.

Sitaandika tena.

Jumamosi, tarehe 5

Naandika.

Jua limetoka asubuhi, na upepo. Nikaamka na hasira mbichi. Nikasema ngoja niichane, angalau nichane kitu. Nikaivuta, nikaifungua kanga.

Birika langu lipo, jekundu. Na pembeni yake, pale nilipoacha wazi, kuna kidole gumba. Cheusi. Kimekandamizwa vizuri, hakikuvutwa.

Mama hajui kusoma wala kuandika. Maisha yake yote akitakiwa kutia sahihi anaweka kidole. Karatasi za kuzikwa kwa Baba aliweka kidole. Nilipoandikishwa shule aliweka kidole. Wakimwekea wino wa karani huwa anaukataa, anasema unanuka. Huu si wino. Nimenusa. Ni masizi. Amechovya chini ya birika.

Nikatoka na kadi mpaka kwa Fundi, bila shati. Mjane wa cherehani alikuwa pale anangoja kiatu.

"Maana yake amekubali," Fundi akasema.

"Amekubali nini?" mjane akasema. "Mtu akipokea mzigo anaweka kidole. Amepokea, basi. Kukubali ni habari nyingine."

"Kidole si mdomo," nikasema. "Kesho naenda kuuliza mdomo."

"Vaa shati," akasema mjane.

Jumapili, tarehe 6

Nimeenda. Jua kali, barabara nyeupe. Gari la kaka mkubwa liko nje, nyuma wazi, mizigo ya Mama imepangwa. Nikaipita.

Mama amekaa kwenye mlango wa jikoni. Amepungua. Birika liko jikoni linachemka.

"Umekuja na nani?"

"Na mimi."

"Mke yuko wapi?"

"Hayupo. Na ukinifukuza nakaa hapo nje. Mvua ya mwaka huu imenifundisha kukaa."

Ndani nikasikia Redio anaziba mdomo asicheke.

"Kandambili umezitupa?"

"Sikuzitupa. Moja nimekukatia kadi. Ya pili iko chini ya kitanda, na itakaa."

Akachukua kitambaa, akashika birika, akaliweka chini.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Macho yangu ni mabovu kwa sindano, si kwa unyayo. Vile vijistari vilikuwa uani kwangu kila asubuhi, akija kunichotea maji. Nilikuwa nafagia nyayo zake. Siku aliyofariki sikufagia. Zilikaa mpaka mvua ikaja ikazichukua. Na wewe umeniletea ndani ya bata."

"Birika."

"Bata. Niliangalia siku nne, ni bata." Akakohoa. "Mimi sikutaka umsahau. Nikiondoka, nani atakukasirikia? Mtu asiye na wa kumkasirikia anakufa akiwa amekaa. Ndiyo maana nikataka mke."

"Mjane wa cherehani hanitaki. Amesema nina kucha mbaya."

"Ni kweli unazo."

"Basi usiondoke. Ukasirike wewe."

Kaka mkubwa akaingia, funguo mkononi, jasho usoni. Amenipa mkono. Amezeeka na yeye, sikuwa nimemwona siku nyingi. "Mama, tayari. Twende kabla mvua haijarudi, barabara imekauka."

Mama akatazama nje. Akatazama sana. Nguo za jirani zilikuwa kwenye kamba, kavu, zinapepea.

"Mvua haijaisha," akasema.

"Mama, jua hilo."

"Wewe unaishi mbali. Mvua ya hapa huijui."

Kaka mkubwa akanigeukia. "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa matofali. Sema wewe. Unaona nini?"

Nikatoka mpaka uani. Nikatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia machozi.

"Naona mvua," nikasema.

"Kubwa," Redio akasema kutoka ndani. "Mimi nimelowa kabisa."

Kaka mkubwa akatutazama mmoja mmoja. Akaweka funguo mezani. Akavua viatu. "Nitarudi ikiisha."

"Utaambiwa," Mama akasema. "Shusha mizigo, isilowe."

Halafu akavuta kikombe, kile kile cha siku ile, akakimiminia kutoka kwenye mdomo uliochomelewa, akanisukumia. Juu ya kabati, pale palipokuwa na kadi inayoimba, pametengenezwa nafasi. Nikaitoa yangu mfukoni nikaiweka.

Chai nimeimaliza.

Kesho narudi bondeni. Jua likiendelea hivi tofali litakauka upesi, msimamizi ataimba. Kwa Mama bado inanyesha.

Inyeshe.